Apdeti ya fimweya imeifunga laptopu yangu, fundi anasema chipu imeungua. Nipige windo?

"Habari za kazi mtaalamu. Nina laptopu used niliyonunua Kariakoo kama miezi minane iliyopita, prosesa ni AMD, Windows 11 Home. Kijana wa dukani ndiye aliyeniwekea kila kitu, nikaondoka nayo ikiwa inawaka, baadaye nikabadilisha PIN tu. Alhamisi usiku ikaleta apdeti, ikaandika ni ya fimweya, nikaiacha kwenye chaja nikalala. Asubuhi nawasha nakuta skrini nyeusi ina maandishi meupe ya Kiingereza, nilichoelewa ni kwamba rekodi ya fTPM imeharibika au muundo wake umebadilika, nibonyeze Y kuireseti au N kuiacha. Nikaogopa, nikabonyeza N. Ikaja skrini ya bluu inadai namba 48 za BitLocker. Mimi hiyo BitLocker sijawahi kuiwasha wala siijui. Fundi wa mtaani kasema chipu ya usalama imeungua, kuibadilisha laki moja na themanini, au anipigie windo upya kwa elfu thelathini. Mwingine kasema hiyo laptopu ni ya wizi ndo maana imejifunga. Humo ndani kuna hesabu zote za kikoba chetu, kina mama 28, na tunavunja mwezi ujao. Nipige windo? Na nikibonyeza Y faili zitafutika?"

Dada pole sana. Nianze na la haraka kabla hujafika kwa fundi mwingine: usipige windo, yaani usifute na kuweka Windows upya, na hiyo Y usiibonyeze kwa sasa. N uliyobonyeza kwa uoga ndo ilikuwa jibu sahihi. Faili zako mpaka saa hizi zipo zote kwenye diski, hakuna iliyofutika, zimefungiwa tu na BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, na uwezekano ni mkubwa kwamba ufunguo wake umekaa mahali mtandaoni ukiwa na jina la laptopu yako pembeni. Shida yetu ni kujua upo kwenye akaunti ya nani.

Tuondoe kwanza hili la chipu kuungua. Fundi wako kakosea, sisemi ni tapeli, maana wengi tunajifunzia kazini na haya mambo yalitujia mbio mbio baada ya Windows 11 kutoka Oktoba 2021 ikadai kila kompyuta iwe na TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri ndani ya mashine, kabla ya hapo mafundi wengi wala tulikuwa hatuihangaikii. Rudi kwenye yale maandishi meupe, yalisema fTPM, na hiyo f ya mwanzo ni ya fimweya, ile programu iliyo ndani ya mashine yenyewe inayoiwasha kabla ya Windows, baiosi ikiwemo. Zipo laptopu ambazo TPM ni kichipu cha pekee kimechomelewa kwenye mazabodi, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, wanakitengeneza kina Infineon, STMicroelectronics na Nuvoton, hicho kweli kinaweza kufa japo mimi niliowahi kuwaona wamekufa ni wa kuhesabu. Ya kwako sio hiyo. Kwenye AMD kazi ya TPM inafanywa na kiprosesa kidogo kilichojificha ndani ya prosesa kubwa, na kumbukumbu zake zinatunzwa kwenye ileile chipu ya flashi inayobeba baiosi. Intel nao wana ya kwao ya namna hiyo, wanaiita PTT. Kwa hiyo hiyo chipu ya laki moja na themanini sijui angeitoa wapi na kuiweka wapi. Na hata angebadilisha mazabodi nzima, diski yako ingeendelea kudai zilezile namba 48, sababu kufuli liko kwenye diski yenyewe, haliko kwenye bodi.

La wizi nalo liweke pembeni. Skrini ya bluu haina habari na mwizi, inauliza namba kwa sababu imeshindwa kuthibitisha kwamba mashine imewaka kwa njia ileile iliyozoea, basi. Julai 2024 apdeti ya usalama ya Windows ilipeleka watu kwenye skrini hiyohiyo, Microsoft wakakiri na kurekebisha mwezi uliofuata. Mei 2025 ikatokea tena kwa baadhi ya kompyuta za Intel zenye Windows 10 mpaka wakatoa apdeti ya dharura. Watu wa benki, wa maofisini, wanafunzi, wote walikutana na bluu, na laptopu walinunua dukani na risiti wanazo.

Sasa kwa nini apdeti ya fimweya, kitu cha chini kabisa kwenye mashine, iguse daftari la kikoba? Data kwenye diski yako imevurugwa kihesabu, ukiisoma bila ufunguo ni takataka tupu. Ufunguo wa kuifungulia upo palepale kwenye diski ila nao umetiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Bahasha ziko mbili na ndani yake kuna ufunguo uleule. Moja anaifungua TPM peke yake, ya pili inafunguliwa na namba 48. Wewe unalijua sanduku la kikoba, makufuli matatu na washika funguo watatu, asipokuja mmoja halifunguki. Hapa ni tofauti, yeyote mmoja akiwepo inatosha. Siku zote hizo miezi minane TPM alikuwa anakufungulia bahasha yake kimya kimya kila asubuhi, wewe unaona tu mahali pa kuweka PIN.

TPM anakubali lini kufungua? Laptopu ikiwaka, kila kipande cha programu kabla hakijamkabidhi kazi anayefuata kinampima kwanza, yaani kinachukua alama yake kama unavyochukuliwa alama ya kidole NIDA, alafu alama ile inamwagwa kwenye rejista ndani ya TPM zinazoitwa PCR, kwenye kompyuta za kawaida ziko 24. Rejista hizi huwezi kuandika juu yake wala kufuta, unaongezea tu, kama chumvi kwenye mchuzi, ikishaingia haitoki, ukitaka kurudi nyuma unamwaga sufuria na kuanza upya, yaani kuzima na kuwasha. Mwishoni TPM anaonja. Ladha ikiwa ileile ya siku alipofungiwa bahasha, anaifungua. Ikipishana hata kidogo anagoma, na hana namna ya kujua kwamba aliyebadilisha kiungo ni mtengenezaji halali wa laptopu au ni mtu aliyechezea baiosi yako usiku. Mara nyingi BitLocker anaangalia PCR ya 7, inayohusu Secure Boot, ule ulinzi unaoruhusu programu za kuwashia zilizosainiwa tu, pamoja na ya 11, lakini Secure Boot ikiwa haijakaa sawa anahamia kwenye 0, 2, 4 na 11, na hiyo 0 ndo alama ya fimweya yenyewe, kwa hiyo hapo apdeti yoyote ya baiosi lazima ibadilishe ladha. Ndo maana apdeti iliyotengenezwa vizuri inaisimamisha BitLocker kwanza, inaweka fimweya mpya, mashine inawaka, bahasha inafungwa upya kwa ladha mpya, na wewe hujui kama kuna lililotokea. Zisizo na adabu ndo kama yako.

Na lako limezidi hapo kidogo. Sio ladha tu iliyobadilika, fimweya mpya imeshindwa kabisa kusoma daftari ambalo fTPM alikuwa anaandikia siri zake, ndo ikakuuliza Y au N. Y maana yake chana daftari la zamani nianze jipya. N maana yake liache kama lilivyo, niendelee bila TPM. Ukibonyeza Y faili hazifutiki, hilo nikujibu wazi maana umeuliza, lakini bahasha ya kwanza inakufa moja kwa moja na haitafunguliwa tena na mtu yeyote, unabaki na ile ya namba 48 tu. Kama namba unazo, Y haina shida hata kidogo. Kama huna, umekata kamba moja kati ya mbili ulizokuwa umeshikilia. Mimi niliwahi kuibonyeza kwenye laptopu ya shemeji yangu, nilikuwa na haraka, nikasoma mstari wa kwanza tu nikaona neno reseti nikasema haya. Namba zake tulizipata siku ya tatu kwenye akaunti aliyoifungua enzi yupo chuo, na siku zote hizo tatu kwao nilikuwa sikanyagi.

Haya, umesema BitLocker hujawahi kuiwasha, na nakuamini. Kwenye Windows Home kuna mdogo wake BitLocker, kwenye mipangilio anaitwa "Device encryption", na huyu anajiwasha mwenyewe. Toka toleo la 24H2 la mwaka 2024 wamelegeza masharti, mashine nyingi zaidi zikipigwa windo mpya zinajikuta zimefungwa bila mwenyewe kuulizwa. Lakini sikiliza jinsi anavyofanya, maana matumaini yetu yote yako hapa. Mwanzoni anavuruga data ila mlango anauacha wazi. Anasubiri mtu aingie kwenye hiyo kompyuta kwa akaunti ya Microsoft, anapeleka zile namba 48 kwenye akaunti hiyo, zikishapokelewa ndo anafunga mlango. Hafungi kabla. Sasa kama yako ni Home kweli na imefungwa, basi kuna akaunti ya Microsoft ambayo iliupokea ufunguo wako. Ingekuwa Pro ambayo mtu kaiwasha BitLocker kwa mkono ningekuwa na wasiwasi zaidi, huko mtu anaweza kuuweka ufunguo kwenye flashi au karatasi tu alafu akasahau.

Tuutafute. Kwenye ile skrini ya bluu, juu ya mahali pa kuandika namba kuna kitambulisho cha ufunguo, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, unachohitaji ni herufi nane za mwanzo. Piga picha na simu. Alafu kwenye simu hiyohiyo fungua aka.ms/myrecoverykey, itakutaka uingie kwa akaunti ya Microsoft. Hapa watu wengi wanakosea, wanasema mimi akaunti ya Microsoft sina, nina Gmail tu. Akaunti ya Microsoft inaweza kufunguliwa kwa Gmail, na kwa namba ya simu pia, ukiwahi kuingia Skype, Outlook, OneDrive, au kuactiveti Word kwa imeili yako basi inawezekana unayo na umesahau pasiwedi. Jaribu imeili zako zote, na ile ya zamani uliyofunguliwa kwenye intaneti kafe, zote. Ukiona orodha, linganisha hizo herufi nane na kilichoko kwenye picha. Ikilingana ndo yenyewe, isipolingana usipoteze muda kuandika, haitafungua.

Kwako lakini mimi namshuku zaidi kijana wa dukani. Umesema yeye ndo aliweka kila kitu, na hawa vijana wana tabia moja, wana akaunti moja ya Microsoft ya kazini wanaitumia kupita ile hatua ya kuweka imeili kwenye kila laptopu wanayouza, sio ubaya ni kutaka mteja aondoke mapema. Kwa hiyo namba zako zinaweza kuwa kwake pamoja na za laptopu nyingine ishirini za watu wengine, zote zina majina ya DESKTOP na herufi zisizoeleweka. Mpigie, na kama una risiti nenda nayo, mwambie aingie kwenye akaunti yake na atafute herufi nane zinazofanana na picha yako. Ni dakika tano. Asikwambie umletee laptopu aipige upya, mwambie unataka namba tu. Kuna sehemu ya tatu, wewe kama umeajiriwa na uliwahi kuweka imeili ya kazini kwenye hiyo mashine, mtu wa IT wa huko anaweza kuwa nazo. Na usimpigie mtu yeyote anayejitangaza kwamba anatoka Microsoft anafungua BitLocker, Microsoft wenyewe hawawezi kukutengenezea ufunguo uliopotea, hawana.

Ukishapata namba, kuziandika kuna ufundi wake. Ni makundi nane ya tarakimu sita. Kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki kitu, ndo maana ukikosea tarakimu moja skrini inalikataa kundi hilohilo hapohapo badala ya kusubiri umalize zote. Mfano 415272 ni kundi linalokubalika, ukigawanya kwa 11 unapata 37752 kamili. Andika 415277 kwa sababu 2 aliyokuandikia kijana ilikuwa kama 7, inakubakia 5, limekataliwa. Na hakuna kundi linaloweza kuzidi 720885, ukisomewa kwenye simu kundi linaloanza na 8 au 9 mwambie arudie. Kama laptopu yako used baadhi ya namba za kibodi zimekufa, tumia F1 mpaka F9 kama 1 mpaka 9 na F10 kama sifuri, skrini hiyo inazikubali.

Ukiingia usishangae PIN ikikataa. PIN ya Windows nayo inamtegemea TPM, na TPM kwa sasa umempumzisha kwa ile N, kwa hiyo utatakiwa pasiwedi ya akaunti, na kama akaunti ni ya kijana basi ndo utamuhitaji mara ya pili. Kama inakuwa usumbufu kuna njia ya pembeni, fundi akitoe kidiski, akichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye Windows kwa kasha la USB, itadai zilezile namba 48, ukiziweka diski inafunguka kama flashi na unakopi faili zako. Wewe ukiwepo, umekaa pembeni yake, sio umeiacha ukarudi kesho.

Na kitu cha kwanza kabisa ukishafunguliwa, kabla hujagusa chochote, kopi hesabu za kikoba kwenye flashi alafu lile faili lifungue kwenye kompyuta nyingine uone majina ya kina mama wote 28 yapo na hesabu zinajumlishika. Usiridhike kwa kuona tu faili lina jina. Ukishahakikisha ndo uende kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, hiyo Device encryption uizime, uache mashine kwenye chaja ifungue diski yote, inaweza kuchukua nusu saa inaweza kuchukua masaa, kama kwenu umeme unakatika katika hakikisha betri inashika chaji. Ikimaliza, ristati, yale maandishi meupe yakija sasa bonyeza Y bila woga, hakuna tena bahasha ya kuogopea. fTPM anaanza daftari jipya. Ingia na pasiwedi, ondoa PIN ya zamani weka mpya. Word au Outlook zikikuandikia kwamba TPM imeharibika na kosa namba 80090016, hilo ni mabaki tu, zinatafuta funguo zilizokuwa kwenye daftari lililochanwa, toka kwenye akaunti ndani ya hizo programu na uingie upya, mara nyingi linaisha.

Alafu ondoa akaunti ya kijana kwenye mashine kama ndo ilikuwepo, weka ya kwako, na ukishaweka ya kwako ndo uiwashe tena Device encryption. Najua baada ya haya yote moyo utakwambia usiiwashe tena. Ni uamuzi wako, ila fikiria, laptopu ikiibiwa kwenye daladala bila kufungwa aliyeichukua anachomoa diski na kusoma kila mwanachama kakopa ngapi na namba yake ya simu ni ipi. Mimi ningeiwasha. Ukiiwasha upya unapata namba 48 mpya kabisa, za mwanzo hazifanyi kazi tena, kwa hiyo ziprinti au uzinakili kwa mkono kwenye karatasi na hiyo karatasi iingie kwenye lile sanduku la makufuli matatu. Sehemu salama zaidi ya hiyo hapo mtaani kwenu sidhani kama ipo.

Sasa ikitokea akaunti zote umezipekua, kijana hapatikani au amekuta kwake haipo. Hapo nisikudanganye, njia zinapungua. Kabla ya laptopu yenyewe, tafuta nakala: kama uliwahi kuliweka faili OneDrive, kama ulimtumia mweka hazina kwa WhatsApp, kama uliliprinti mahali na likabaki kwenye imeili ya stesheneri, fungua imeili yako na utafute xlsx, watu wanashangaa wanachokikuta. Pili, kuna kurudisha fimweya ya zamani ili fTPM aweze kulisoma daftari lake, na hii inafaa tu kwa sababu hukubonyeza Y. Inaweza ikafanikiwa inaweza isifanikiwe, laptopu nyingine zinakataa kabisa kurudi toleo la nyuma, na umeme ukikatika katikati mashine haiwaki tena. Hii usiifanye nyumbani. Tafuta fundi wa baiosi mwenye programa ya kusomea chipu za flashi, wengi wana ile CH341A, na sharti lako la kwanza kwake liwe hili: kabla hajaandika kitu chochote asome chipu nzima ya baiosi ahifadhi nakala mbili na azilinganishe. Daftari la fTPM limo humo ndani, akiharibu bila nakala ndo basi. Akikujibu kwamba hakuna haja, chukua laptopu yako uende kwa mwingine. Ukiweza kufika kwenye kituo cha huduma cha mtengenezaji ni bora zaidi, ila waandikie kwenye fomu kwa maneno yako kwamba diski isiguswe, maana utaratibu wao wa kawaida wengi ni kupiga upya.

Na kuzibahatisha hizo namba sahau. Hata ukiondoa hesabu ya 11, zinabaki njia nyingi kuliko muda ambao kompyuta zote zilizopo zinaweza kuzijaribu. Mtu akikwambia ana programu ya kuvunja BitLocker kwa elfu hamsini, mwambie avunje kwanza ndo umlipe, utaona. Hilo la kupiga windo ndo la mwisho kabisa, baada ya kila kitu kushindikana, na ukumbuke kwamba linafuta bahasha zote mbili, kiasi kwamba hata kijana akizipata namba wiki inayofuata hazitakuwa na kitu cha kufungua. Ila laptopu yenyewe itapona, ukipiga windo na kubonyeza Y inafanya kazi kama kawaida, haijaharibika popote.

Kwa wengine ambao skrini yao haisemi hivi, inasema TPM haionekani kabisa baada ya apdeti, msianze na mambo haya marefu. Zima, chomoa chaja, kama betri inatoka itoe, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha, washa. Umeme uliobaki kwenye bodi wakati mwingine unaiacha chipu imeduwaa, ikimaliziwa inaamka. Na laptopu nzeeee ambayo kila ukiizima saa inarudi nyuma miaka, badilisha betri ndogo ya baiosi kwanza, inapokufa mipangilio inapotea na TPM inaweza kujikuta imezimwa bila wewe kuigusa. Hivyo viwili vikishindikana ndo muende kwa fundi.

Dada, anza na kijana wa dukani leo. Ukishapiga ile picha ya skrini laptopu iache imezimwa, usiwe unaiwasha kujaribu jaribu, na watoto wasiifikie hiyo Y. Ukikwama nitumie zile herufi nane za kitambulisho na picha ya skrini, hazifungui kitu hata zikionwa na nani. Namba 48 zenyewe ukizipata usimtumie mtu, hata mimi.